Ujumbe Uliokwenda kwa Wote

Nakiri mapema, kabla hamjaanza kunicheka, kwamba aibu hii niliipika mwenyewe, nikaipakua mwenyewe, na sina wa kumlaumu.

Mimi ni mhudumu wa maktaba ya chuo kimoja hapa Shinyanga. Kidato cha kwanza nilikianza nikiwa na miaka thelathini na sita, mwaka mmoja baada ya kumzika Baba Kulwa, kwa hiyo mniwie radhi ikiwa cheti changu nimekitia fremu na kukitundika sebuleni, mahali ambapo hata anayekuja kuomba chumvi atakiona. Alhamisi tarehe 6 na Ijumaa tarehe 7 Machi nilitumwa Mwanza kwenye semina ya mfumo mpya wa kompyuta wa kuazimisha vitabu. Kwetu aliyekwenda semina lazima arudi kuwafundisha wenzake, nasi huuita mrejesho. Na safari hii Bwana Masanja, mkuu wetu wa maktaba, alinitamkia wazi kwamba nikiufanya vizuri, usimamizi wa mfumo ni wangu. Niliutaka usimamizi ule kama nilivyokitaka kile cheti.

Basi, siku ya pili, mwezeshaji alipofika kwenye somo la kutuma ujumbe kwenye simu za walioazima vitabu, akaeleza tofauti ya orodha ya majaribio na orodha ya watu halisi, nami sikumwelewa hata chembe, lakini alipouliza nani amebaki nyuma nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikaona vijana watupu walio rika la Kulwa wangu, nikasema kwa sauti kuliko wote, "Tumeelewa!"

Jumatano tarehe 12, saa tatu asubuhi, chumba cha kusomea kilijaa: wenzangu, wahadhiri, hata mkuu wa chuo. Nyamizi, mhudumu mwenzangu tunayekaa naye meza moja, akaninong'oneza, "Mama Kulwa, tujaribu kwanza sisi wawili, kabla wageni hawajakaa."

"Kwani aliyekwenda Mwanza ni nani?"

"Haya, mama. Mimi simo."

Nikaandika ujumbe wa mfano, wa kuchangamsha watu: "Rudisha kitabu cha chuo leo. Kwako napajua. Mama Kulwa, Maktaba." Nikawatangazia waheshimiwa kwamba utakwenda kwenye simu ya Nyamizi peke yake, nikabonyeza.

Simu ya kwanza kulia ilikuwa ya mkuu wa chuo. Akavaa miwani, akausoma kwa sauti, neno kwa neno, kisha akaniuliza kwa upole, "Mama, kwangu unapajua?" Kabla sijajibu zikalia za wahadhiri, zikalia za wanafunzi kule nje, na yangu nayo ikaanza. Alikuwa mwanafunzi wetu wa zamani, aliyezoea kuniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma. "Shikamoo, mayu! Niko Segese, ndiyo kwanza natoka duarani, huku shimoni tunakochimba dhahabu, vumbi tupu. Usiende nyumbani, mama yangu ana presha! Kitabu nakileta Jumamosi." Mhadhiri mstaafu akapiga kutoka Mhunze, akitaka kujua chuo kimeanza lini kutisha wazee. Bwana Masanja akachomoa waya wa kompyuta ukutani (kana kwamba ujumbe ungegeuza njia na kurudi).

Kufikia adhuhuri foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango. Vitabu vilikuja ndani ya mikoba, ndani ya vikapu, na vingine tulikwisha kuviandika kuwa vimepotea. Mkuu wa chuo alileta viwili, vimeviringishwa kwenye gazeti, akamkabidhi Nyamizi bila kunitazama.

Usimamizi alipewa Nyamizi, Ijumaa tarehe 14, maana mimi nilipokuwa nikiomba radhi kwenye simu, yeye alifungua kitabu cha maelekezo, akakitafuta kitufe cha kuchagua orodha ya majaribio mpaka akakipata. Iliniuma, sitawadanganya. Lakini Jumatatu nilivuta kiti, nikakaa kando yake.

"Tuanzie wapi, Mama Kulwa?"

"Mwanzo kabisa. Na nikisema nimeelewa, usiniamini, niambie nikuonyeshe."

Akacheka mpaka akafuta machozi, nami nikacheka naye. Siku hizi, kwenye mrejesho wa kila Jumatano, hakuna anayeuliza maswali kunishinda, na Bwana Masanja ameanza kutazama saa yake. Mwezi ujao natumwa tena semina. Nimeapa kuinua mkono kila nitakapokwama, hata kama chakula kimekwisha kupakuliwa na ukumbi mzima unanikodolea macho ya njaa.