Mawe ya Mama Émérence

Kila mama anayeanika ndagala, dagaa wa huku, kwenye mchanga wa ziwa hapa Kalemie ana mahali pake, na mahali hapo huzungushiwa mawe. Karatasi hakuna. Mawe ya jirani yetu, Mama Émérence, yalipangwa na marehemu mama yake. Moja, kubwa kama kiti, lilikuwa na ufa mweupe katikati. Kwa ndagala za hapo alilea watoto watano, nami nilikula kwake mara nyingi.

Mwaka 1978, Jumamosi moja ya salongo, ile kazi ya lazima ambayo wakubwa hawakuishika hata kwa kidole, Citoyen Mulunda, yaani «Raia» kama tulivyoamriwa kuitana, mkubwa wa mtaa, aliwaamuru wamama waondoe mawe yote. Wageni wanakuja, alisema. Mchanga uwe safi.

«Na kesho tutajua namna gani mahali petu?» aliuliza Julienne, rafiki wa Émérence.

«Weye Julienne, hata mbuzi anajua kwao!» Émérence alimjibu. «Tubebe, tumalize, jua lisitupite.»

Wakacheka. Wakayabeba kichwani wakiimba hadi barabarani, kwenye lori. Tulizoeshwa kutii hata hatukuuliza lori linaenda wapi.

Wageni hawakuja. Jumatatu walikuja waashi. Mulunda, ambaye tayari alikuwa na nyumba mlimani yenye bomba na umeme, huku sisi tukichota maji ziwani, alitaka nyingine pale mchangani, ya kupunga upepo. Émérence alifika na beseni la ndagala mbichi kichwani.

«Papa, hapa njo kwangu, mahali pa mama yangu.»

«Alama yako iko wapi, Mama? Miye naona mchanga tu.»

Waashi walicheka. Ndagala za siku ile zilioza. Ndivyo wanavyoiba katika mji huu: anayeibiwa hulazimishwa kwanza kubeba mali yake hadi kwenye gari la mwizi, tena bila malipo, tena akiimba!

Siku ya tatu aliuona ufa mweupe wa jiwe lake chini ya ukuta. Saruji ilikuwa haijakauka. Alichukua mtaimbo wa mwashi, akaling'oa jiwe lake, akalibeba hadi mchangani, akalikalia.

«Alama njo hii,» alimwambia Mulunda. «Pima.»

Askari wawili walimwinua kama gunia. Alilala kizuizini siku nne, na hakuna aliyemwuliza neno. Alipotoka, ukuta ulikuwa umekamilika, jiwe lake likiwa ndani.

Basi alianika barabarani, mbele ya geti jipya la Mulunda, akapazungushia mawe mapya. Julienne akaja, kisha wengine, hata gari la mkubwa likakosa njia ya kutoka.

Jumamosi Mulunda alisimama getini, filimbi mkononi.

«Salongo! Ondoeni mawe haya!»

Hakuna aliyeinama. Émérence aligeuza ndagala zake taratibu, upande uliokauka ukaenda chini.

«Leo ubebe mwenyewe, Citoyen,» alisema. «Sisi tulikwisha kubeba yetu.»