Specioza na Ubeti wa Lumbesa

Thadei aliuogopa mdomo wa mkewe Specioza kuliko mvua inayokuja mpunga ukiwa umeanikwa. Na asubuhi ile ya Mei Mosi, hapo kwao Shanwe, alikuwa na sababu.

"Mama Emelyne, ule ubeti uuache," alisema, chai inampoa mkononi. "Mzee Manyanda atakuwepo. Akinifukuza mashineni nitakwenda wapi, na msimu ndio kwanza unaanza?"

"Si nimeshasema nitauacha?"

"Unavyosema na unavyoimba ni vitu viwili."

Specioza alimsonya, ingawa alijua hofu ile ina msingi. Wote wawili walikula kwa Manyanda: Thadei akiendesha mashine ya kukoboa mpunga, yeye akipeta mchele uani. Ubeti wenyewe ulikuwa wa lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita mdomo na kushonewa kilemba cha kamba juu. Ndiyo yaliyompinda Libérat, mbeba mizigo wa palepale, hadi leo anatembea kama anatafuta sindano iliyoanguka.

Wimbo aliutunga Egide, seremala wa Katumba mwenye gitaa la umeme, kwa ajili ya bendi yao ndogo ambayo Specioza ndiye mwimbaji wake. Huyu alikuwa amelewa nyimbo za bendi moja ya roki ya Wales, huko Ulaya kwa wachimba makaa ya mawe, aliyokuwa akiisikiliza kwenye simu. "Wale hawachezi," aliwaambia wenzake. "Wanasimama, wananuna, wanaimba jasho la baba zao, na uwanja mzima unaimba nao." Basi na wao wakawa wa kununa. Walipopiga harusini mara ya kwanza, mama mmoja aliwauliza, "Nyie, mmekuja kuimba au kutusomea risala?"

Kwenye uwanja wa sherehe za Mei Mosi, Specioza alimnong'oneza Egide, "Ubeti wa tatu tunauruka."

"Tukiuruka, wimbo unabaki na nini?"

"Unabaki na mume wangu kazini."

Egide akakaza nyuzi za gitaa. Wakapiga ubeti wa wakulima wa Kasansa, wakapiga wa wapeta mchele, na watu wakakidaka kiitikio: *Mgongo ni wetu, mzigo ni wa nani?* Thadei alisimama pembeni ya hema la wageni, anaangalia viatu vyake.

Hapo ndipo Mzee Manyanda aliponyanyuka. Wimbo ulikuwa umemwingia kweli. Naye alianza maisha kwa kubeba magunia. Alikuja na kitenge kipya, akamvisha Specioza mabegani, kisha akabaki mbele yake anatabasamu, anasubiri.

Na ana haki ya kusubiri. Huku kwetu aliyekutuza humwachi hivi hivi. Ubeti unaofuata unabeba jina lake, la sivyo umemvua nguo mbele za watu. Egide alizirudia nyuzi zilezile, macho kwa Specioza. Specioza akatafuta sifa kichwani: ng'ombe wake, nyumba yake, mashine yake. Hakuna iliyokaa kwenye mdundo ule. Kiitikio kikaisha, na kilichotoka ni ule ubeti wa tatu aliokuwa akiukariri wiki nzima, jina la mzee likiwa mbele:

*Manyanda mwenye mashine, gunia lako lina kilemba,*
*Muulize Libérat, kilemba hicho kina uzito gani.*

Uwanja ukaitikia kwa nguvu. Tabasamu la Manyanda lilibaki usoni kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Hakuondoka mpaka ubeti ulipoisha, maana aliyetuza haondoki.

Nyumbani Thadei alikisukuma chakula pembeni, akaenda kulala.

Asubuhi walikwenda kazini pamoja, kitenge kimekunjwa ndani ya mfuko. Manyanda alikuwa mlangoni na funguo.

"Baba Emelyne, washa mashine." Akawageukia washonaji. "Nyie, leo gunia lishonwe mdomoni. Vilemba basi."

Specioza akakitoa kitenge. "Mzee, hiki nimekirudisha."

"Tuzo hairudi, mama," alisema, hamtazami. "Ila Jumapili si mnapiga sokoni? Na huyu mwenye mashine wa ng'ambo ya barabara mumtaje. Lumbesa zake ndefu kuliko zangu. Siwezi kuaibika peke yangu."

Mashine ikanguruma. Specioza akachukua ungo. Kwa huyo wa ng'ambo ya barabara ndiko mdogo wake anakofanya kazi.