Mnyororo wa Daftari la Darasa la Pili

Juzi mwalimu wa chekechea hapa Miembeni alimrudisha mwanangu na mnyororo wake wa karatasi. Eti mapambo ya Krismasi yanunuliwe dukani. Nilikasirika. Kesho naurudisha mwenyewe, na atautundika. Mimi najua mnyororo wa karatasi ni kitu gani.

Alasiri moja nikiwa mtoto, kijijini kwetu Kaagya, sebule ilinukia nyasi mbichi tulizotandaza kwa ajili ya sikukuu. Mama alikuwa amekoroga uji mzito wa muhogo, nikadhani tunakula. Halafu akachukua mkasi na daftari langu la darasa la pili, akaanza kulikata vipande. Nililia kwa nguvu. Wiki ile jirani yetu alikuwa amemwachisha binti yake shule, nami niliamini zamu yangu imefika.

"Mawe!" Mama akamaka kwa kilugha chetu. "Unalia nini, kuna aliyekufa?"

"Mama, nitasoma na nini?"

Alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi. "Mwana wange, hili si limejaa? Shule utasoma mpaka uchoke wewe, siyo mimi. Lete kidole, paka gundi."

Basi uji ulikuwa gundi. Tuliunganisha pete moja moja, hesabu zangu zikaning'inia kutoka mlangoni hadi dirishani, hata zile nilizokosa.

Shule ilipofunguliwa alinipa daftari jipya, akanisukuma njiani. "Nenda ukalijaze. Krismasi ijayo nataka mnyororo uzunguke nyumba."