Bondia wa Nyumba Kumi

Wakikwambia Mwanakombo wa Temeke ndiye aliyetaka kumkosesha Kasimiri safari ya Lagos, waambie waongo, na uwaambie nimesema mie mwenyewe. Tulikuwa nyumba kumi. Kila nyumba ilikuwa na jiko, kila jiko lilikuwa na mpishi, na wapishi wenyewe wengine wapo hai mpaka leo, wanajifanya hawakumbuki. Mie nakumbuka.

Kasimiri alikuja Dar kwa treni kutoka Tabora, miaka michache baada ya uhuru. Akapanga chumba nyumba ya pili kutoka kwetu, yeye na mkewe Jovina. Mchana alikuwa kuli bandarini, anabeba magunia. Jioni anakwenda ukumbini kupigana ngumi. Siku ya kwanza kusikia hivyo nilimuuliza, "Mtani wangu, mizigo haikuchoshi mpaka ukatafute na kipigo?" Akacheka tu. Mie Mzaramo, yeye Mnyamwezi, watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo nilikuwa na haki ya kumsema asubuhi na jioni, naye hana ruhusa ya kununa.

Alikuwa mwembamba yule, lakini mwepesi, na mikono yake ilikuwa haionekani ikitoka. Ila alikuwa na adabu iliyozidi. Hakupita mlangoni kwa mtu bila salamu, na salamu zenyewe za kwao ndefu, za kuulizia mpaka kuku. Na kwao walimfundisha kwamba ukiletewa chakula unakula, unashukuru, unarudisha sahani imeoshwa. Neno "hapana" sidhani kama mama yake alimfundisha kabisa.

Basi mwishoni mwa mwaka sabini na mbili ikaja habari kwamba Kasimiri amechaguliwa timu ya taifa, Januari anakwenda Lagos kwenye Michezo ya Afrika. Jamani! Sijui nikuelezeje. Nchi yetu ilikuwa changa, timu yenyewe ndogo, watu wachache tu wa kukimbia, wa kurusha na wa kupigana, na mmoja wao anatoka kwetu, anachota maji bomba moja na sie. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Mwalimu wake wa ngumi, Benedikto, alikuwa amempa sharti moja. Nafasi yake ilikuwa ya mabondia wembamba, ile wenyewe wanaiita bantam, na kabla ya safari atapanda mizani. Akizidi uzito, nafasi inakwenda kwa kijana mwingine wa Kinondoni, naye atabaki. Alipokwisha kumpa sharti hilo, mwalimu akaondoka kwenda kutazama mabondia wa mikoani. Kasimiri sharti hilo hakutuambia. Na angetuambiaje, wakati sie tulishakaa kikao?

Kikao kiliitishwa na balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Anselmo, Mmakonde wa Newala, mchonga vinyago. Aliupenda ujamaa yule mzee, si wa mdomoni tu. Alisimama uani kwake, vumbi la mpingo limemjaa kwenye ndevu, akasema, "Ndugu zangu, huyu kijana si wa Jovina peke yake. Ni wa nyumba kumi. Anakwenda kupigana na watu wanaokula nyama. Tumtazameni alivyo!"

Tukamtazama. Kasimiri akainamisha kichwa. Kwa kweli alitia huruma.

"Kila nyumba itakuwa na zamu ya kumlisha," akasema Mzee Anselmo. "Nyumba itakayokwepa, jina lake nitalifikisha tawini kwenye chama."

Hakuna aliyekwepa. Watu walipika, bwana wewe! Anayerudi na sahani tupu anamwambia jirani, "Kamaliza yote," na jirani huyo anakwenda kuongeza nazi kwenye chungu chake. Kwa Mzee Anselmo, mkewe Adelina alimpikia ugali wa muhogo na kisamvu. Wengine walimletea supu ya makongoro alfajiri, kabla hajaenda bandarini. Mie nilikuwa na wali wangu wa nazi na samaki wa kukaanga, na siku ambayo si zamu yangu nilimpelekea vitumbua, maana vitumbua si chakula, ni kitu cha kuchezea mdomo. Yeye anafunua kawa, anatazama, anameza mate, anasema, "Nashukuru, dada." Anakula.

Jumamosi tunampeleka duka la ushirika, tunampandisha kwenye mizani ya magunia. Mshale ukipanda, tunashangilia. Mzee Anselmo anampa mkono mwenye duka. Wanawake tunaimba njia nzima. Kasimiri naye anatabasamu, masikini, huku anatoka jasho, na sie tunasema ni afya hiyo inamtoka. Kila alfajiri alikuwa akikimbia mpaka Mbagala na kurudi, tukidhani anafanya mazoezi. Kumbe anakimbia chakula chetu, na akirudi anakuta supu inamsubiri mlangoni.

Baada ya sikukuu ya Uhuru mwalimu Benedikto akarudi. Alimkuta Kasimiri uani kwetu ameshika sahani. Akasimama, akamzunguka, akauliza, "Huyu nani?"

"Si ndiye Kasimiri huyo," nikamjibu. "Umemsahau?"

"Mie nilimwacha bondia," akasema. "Haya mashavu ni ya nani?"

Hapo ndipo tukaelezwa habari ya uzito. Kwamba kwenye ngumi mwembamba anapigana na mwembamba mwenzake, mnene na mnene mwenzake, na mizani haina undugu. Mzee Anselmo alisikiliza mdomo wazi. "Yaani serikali inamtaka mtu wake akonde?" akauliza. "Sasa tunapigana na adui njaa kwa nini?" Mwalimu akasema yeye hajui mambo ya njaa, anajua mambo ya mizani. Siku tatu baada ya Krismasi Kasimiri anapimwa, na kama hajapungua, abaki Temeke ale.

Siku ile ile Mzee Anselmo akapiga marufuku sahani zote. Lakini wewe unawajua watu wetu? Kila mmoja aliona marufuku ile ni ya wenzake. Kasahani kangu kadogo katamfanya nini? Sahani zikaanza kupitia uani badala ya mbele, zimefichwa chini ya khanga. Na Kasimiri anashukuru, anakula, anakwenda kukimbia juani amevaa koti zito la mvua, Desemba ile ya Dar, mpaka Jovina anaogopa ataanguka afe.

Ikafika Krismasi. Sasa mie na Jovina tulikuwa na desturi yetu. Idd ananiletea yeye, Krismasi nampelekea mie. Hiyo si ya balozi wala ya mwalimu, ni ya kwetu wawili. Nikapika pilau. Sitaki kujisifu, lakini pilau ile watu wa mtaa wa nyuma walitoka nje kunusa. Nikampakulia Kasimiri sahani yake, nikaibeba mwenyewe, tena mlango wa mbele, mchana, kila mtu ananiona. Nikamwambia, "Mtani, nyie mlikuja pwani mmebeba pembe za ndovu, leo mnakwenda Lagos mmebeba tumbo. Haya, ongeza!"

Kasimiri alisimama mlangoni. Aliitazama ile sahani muda mrefu. Kisha akasema, "Hapana, dada Mwanakombo."

Hapana! Mie! Siku ya sikukuu!

Najua mtani hanuniwi. Nilinuna. Nilirudi kwangu, nikaibwaga sahani mezani mpaka mume wangu Shomari akaruka. Nikasema yale ya kusema na yasiyo ya kusema. Nikasema Wanyamwezi hawana shukrani, nikasema ngumi zenyewe uhuni, nikasema apotelee huko huko Lagos. Shomari akavuta ile sahani, akaanza kula. Alikuwa amezoea.

Jovina akaja jioni ile ile. Hakukaa. "Dada," akasema, "unajua kwangu sijawasha jiko tangu mwezi uliopita? Anakula kwenu tu. Nilimwambia awakatae, akasema, nikimkataa mmoja nitakuwa nimewakataa wote, na hawa ndio ndugu zangu hapa mjini. Leo amekukataa wewe wa kwanza. Ameingia ndani akalia."

"Kwa nini aanze na mie?" nikauliza, maana bado nilikuwa na hasira.

"Anasema wewe ndiye mkali kuliko wote. Akikuweza wewe, hao wengine hawamshindi."

Aa! Hapo alinipata. Nikacheka, machozi yananitoka, sijui ya nini. Nikamwonea uchungu yule kijana. Aliitaka Lagos kiasi hicho, na sie tulikuwa tunamzuia kwa mapenzi.

Kesho yake asubuhi nilichukua kigoda na mchi wa kinu, nikakaa mlangoni kwake. Nani apite? Adelina akaja na bakuli limefunikwa, eti ni dawa ya kifua. Nikafunua, kisamvu. Nikamwambia, "Wifi, rudi na dawa yako." Akaja mwingine, akaja mwingine, wote nikawarudisha, na wengine hatukusemezana mpaka mfungo uliofuata. Mzee Anselmo mwenyewe nilimkamata na karanga mfukoni.

"Balozi, na wewe?"

"Ni karanga tu, mama."

"Toa hapa!"

Jioni Kasimiri akitoka kukimbia, mtaa mzima ukatoka naye. Balozi mbele na baiskeli anapiga kengele, wanawake nyuma tumejifunga khanga viunoni, tunakimbia na kuimba, tunapumzika, tunakimbia tena. Mie sikufika mbali, lakini nilitoka. Ndani ya siku zile mashavu yakaanza kurudi yalikotoka.

Siku ya kupimwa tulikwenda wote, tukazuiwa nje ya ukumbi. Dirishani tulimwona. Alipanda mizani na kaptula, mshale ukazidi. Mwalimu akatikisa kichwa. Kasimiri akashuka, akavua kaptula, nasi wanawake tukageuza nyuso, wengi wetu. Akavua na rozari shingoni akampa mwalimu. Akapanda tena, amefumba macho, midomo inasali. Mzee Anselmo alinishika mkono akaubana mpaka ukaniuma. Kisha tukasikia sauti ya mwalimu Benedikto, "Umepita, shuka uvae, watu wanakuchungulia!"

Kelele tulizopiga sijawahi kuzisikia tena Temeke.

Akaenda Lagos. Sie tukakaa na redio ya Shomari, imewekwa juu ya kiti uani, kila jioni nyumba kumi zote zimeizunguka. Siku ilipofika, mtangazaji akataja matokeo ya ngumi. Kasimiri wa Tanzania ameshindwa kwa pointi na bondia wa Afrika Magharibi. Alimaliza raundi zote amesimama. Basi, akaendelea na habari za mpira.

Jovina alijifunika uso na khanga. Ndipo Mzee Anselmo akasema taratibu, "Mmesikia? Limetajwa jina lake, halafu ikatajwa Tanzania. Limetoka hapa uani jina hilo." Tukapiga makofi. Baadaye tukacheza ngoma kabisa, na wapita njia wakadhani ameshinda, na hatukuwasahihisha.

Siku ya kurudi kwake tulikwenda uwanja wa ndege na lori la mkaa. Wale waliopata medali walipokelewa na wakubwa na maua. Kasimiri akatoka nyuma yao, ameinama, jicho moja limevimba limefunga. Alipotuona, weusi wa mkaa sote, alisimama. "Nisameheni," akasema. "Mmehangaika bure."

"Bure nini wewe?" Mzee Anselmo akamjia juu. "Umefika Lagos hujafika?"

"Nimefika, mzee."

"Umeanguka?"

"Sikuanguka."

"Basi nyamaza, panda lori."

Mie nikamshika kidevu, nikamgeuza uso kwenye mwanga nilitazame lile jicho. Hasira ikanipanda upya. Nikataka nijue ni jitu gani limemfanya mtani wangu hivi, maana mie kumtesa naruhusiwa, mwingine haruhusiwi.

"Hebu niambie," nikasema. "Huyo mtu alikuwa mkubwa kiasi gani?"

"Si mkubwa, dada. Mwembamba kuliko mie. Mbavu zake unazihesabu zote."

Hasira yote ikaniishia pale pale. Nikamfikiria yule kijana wa watu huko kwao, anatoka ukumbini jioni na njaa yake, anapita mlango baada ya mlango, na hakuna hata mmoja anayemwita.

"Maskini wa Mungu," nikasema. "Kwani yeye hana majirani?"