Mabuti ya Ukaguzi

Nyanjige amebeba zege kwenye majengo mengi ya umma ya Simiyu. Miguu yake inayakumbuka: saruji mbichi ilimla nyayo kwenye msingi wa shule moja, na kisigino hupasuka kila kiangazi.

Kwa hiyo alisikiliza vizuri afisa manunuzi alipofika kukagua zahanati inayojengwa Mwamapalala. Zabuni, alieleza afisa, inadai kila kibarua avae mabuti ya mpira, la sivyo mkandarasi halipwi. Mkandarasi aliliheshimu sharti hilo kikamilifu. Mabuti yalifika asubuhi ndani ya gunia la mbegu za pamba, yakavaliwa, yakapigwa picha. Gari la afisa lilipokata kona, gunia likafunguliwa tena.

"Haya akina mama, vueni," alisema Kasmiri, msimamizi. "Yanatakiwa saiti ya Maswa. Kesho nako wanakaguliwa."

Wenzake wakaanza kuvua. Nyanjige akajaza ndoo yake.

"Mayu, na wewe," Kasmiri alimwambia Nyanjige, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Kwani afisa kaondoka na zege lake?"

"Usinitie matatani, mayu. Vua."

"Sivui. Ukiyataka, njoo uvute."

Wote walijua kwamba Kasmiri kaoa binti wa dada yake Nyanjige, na kwamba Msukuma anayejiheshimu humpisha mkwe wake njiani, sembuse kupiga magoti amshike mguu. Mkataba, pamoja na kurasa zake zote, haukuwa na kifungu cha jambo hilo.

Kasmiri akamtazama fundi Mboje. Mboje akagundua kwamba kamba yake ya kupimia inahitaji kukunjwa. "Mkwe ni wako, kaka," alisema.

"Basi mayu, leo huna kazi."

"Sawa. Naenda nayo nyumbani. Utanifuata?"

Domitila, aliyekuwa amevua buti moja, akalivaa tena.

"Wewe si mkwe wangu," Kasmiri alimwonya.

"Ni kweli. Lakini zege linaganda."

Lilikuwa linaganda. Akina mama wakayavaa mabuti mmoja mmoja, bila haraka, huku wakimtazama. Kasmiri akakunja gunia tupu, akapiga simu. "Bosi, ya Maswa itabidi ununue."

Huko, nasikia, ukaguzi uliahirishwa.

Nyanjige anayo mpaka leo. Ni makubwa, kayashindilia pamba vidoleni. Jumapili huenda nayo kanisani, na hata huko hayavui.