Maneno ya Uwanjani

Baba yake alikuwa mbeba fimbo za wachezaji matajiri kwenye uwanja wa gofu, na binti hadi leo anakumbuka alivyorudi nyumbani na maneno ya huko. Mama akiwahisha chakula, baba alisema, "Leo umepata ndege!" yaani amemaliza shimo kwa pigo moja pungufu ya yaliyopangwa. Kikiungua, ni "bogi", pigo moja zaidi, ingawa binti alidhani ni behewa la treni. Baba aliyaeleza taratibu, akipangusa kijiko kama fimbo ya tajiri.

Siku binti alipofeli mtihani, alijiinamia mlangoni.

"Omba maligani, mwanangu. Pigo baya halihesabiwi, unarudia."

"Sheria inaruhusu?"

"Hairuhusi. Marafiki ndio wanaoruhusiana."

Kesho yake wakaenda kumwomba mwalimu mkuu binti arudie mtihani, na sauti iliyotetemeka ilikuwa ya baba.