Uzio Tulioujenga Bondeni

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye idara ya kuhifadhi mimea, nilikabidhiwa buti, daftari na mmea mmoja wa kuutambua. Nilikuwa nimerudi Kigali kutoka Tabora, nilikokulia, na Kiswahili changu kilikizidi Kinyarwanda changu. Mkuu wa Kitalu alinipeleka bonde la nyuma ya mtaa wa Niboye, kwenye matuta ya mchanga yaliyoachwa na mafuriko, akapiga goti. Mmea wenyewe ulikuwa mdogo kama kifungo, majani yamelala mchangani, ua jeupe. Alisema hajauona popote pengine nchini.

Tuliuhesabu kwa fremu: mbao nne, kila moja mita moja, unailaza chini unahesabu kilichomo. Miche ilikuwepo ya kutosha, ila ng'ombe walitukera. Mukecuru Esperansi, bibi wa jirani, aliwapitisha wawili katikati ya matuta kila asubuhi. Mimi ndiye niliyeandika pendekezo la uzio. Mkurugenzi alilipitisha siku hiyohiyo.

Tulipokuwa tukipigilia nguzo, yule bibi alisimama akatutazama.

"Mwanangu, hii maua iko inapenda kukanyagwa," aliniambia. "Ng'ombe ikienda, na yeye ataenda."

Nilimshukuru kwa adabu, nikaendelea na kazi.

Mwaka wa kwanza nyasi zilistawi, bonde likapendeza, wenzetu wakatusifu. Wa pili zilifika magotini. Mvua za mwaka wa tatu nililaza fremu, nikazipekua nyasi kwa mikono. Hakuna. Nikahamia tuta la pili, la tatu, mpaka la mwisho. Hakuna hata mmoja. Nilikaa chini kwenye tope. Tulikuwa tumekiua kile tulichoajiriwa kukilinda, na pendekezo la uzio lilikuwa na sahihi yangu.

Mkurugenzi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?"

Swali lile lilinishtua kuliko bonde lenyewe. Nilimwambia nitaandika ripoti kama nilivyoona, na nikaiandika. Wiki iliyofuata nilihamishiwa kitalu cha miti ya barabarani, karibu na njia panda ya Sonatubes, kujaza udongo kwenye viriba, ile mifuko myeusi ya miche. Nilikaa huko miaka mingi.

Alipokuja mkurugenzi mpya, mama asiye na maneno mengi, aliikuta ripoti yangu kabatini, akaniita.

"Huyo bibi wa ng'ombe yuko hai?"

Alikuwa hai, ingawa macho yalishapungua. Tulikwenda kwake kumwomba radhi. Hakutusuta, aliuliza tu kwa nini tulichelewa. Uzio tukaung'oa, ng'ombe wa mjukuu wake wakapita, kwato zikapasua nyasi na kuugeuza mchanga. Chini huwa kuna akiba ya ardhini, yaani mbegu zilizolala zikingoja mwanga. Baada ya mvua nilipekua tuta zima, nikaona mche mmoja. Mkurugenzi alishika mdomo wake.

Sasa nimestaafu. Miche imeongezeka, lakini haijazi hata fremu mbili. Vijana wa kazi hunijia nyumbani kuuliza mambo ya kuhesabu, nami nawaeleza. Ila mshtuko wa siku ile nilipokaa topeni haujanitoka. Anayeharibu kwa ubaya, wenzake humzuia. Sisi wenzetu walitupongeza.